Mji mdogo wa reli huishi kwa kituo: historia ya Voi na hesabu za watu wa Lamu

Tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikutana Lamu kuzindua mpango wa LAPSSET, yaani ukanda wa bandari na njia za usafiri wa kuunganisha Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia. Ndani yake mlikuwa na bandari ya gati 32 huko Kililana kwenye Ghuba ya Manda, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu hadi Isiolo, kisha tawi moja liende Juba na jingine Addis Ababa. Gati ya kwanza ilianza kazi tarehe 20 Mei 2021. Lami imeshaunganisha Lamu, Witu na Garsen. Reli bado haijatandikwa hata taruma moja, na hata hivyo kila penye mazungumzo ya viwanja vya Hindi na Mokowe, miji midogo ya Lamu bara, reli hutajwa kana kwamba inapiga honi.

Anayetaka kujua reli huufanyia nini mji mdogo hana haja ya kubahatisha. Kutoka Malindi ukishika barabara ya Sala, ukafuata mto Galana, ukaingia mbuga ya Tsavo Mashariki na kuivuka, unatokea Voi, mji ambao reli iliufikia miaka zaidi ya 120 iliyopita. Historia yake, pamoja na ya stesheni jirani ambazo hazikupata kuwa miji, inaonyesha jambo moja ambalo wauza viwanja hawalisemi: treni inayopita haiachi watu. Watu huja pale inaposimama, kwa sababu ya kazi inayofanyika hapo ikiwa imesimama. Kazi hiyo ikiondolewa, mji hubaki na wale tu waliokwisha kupata sababu nyingine ya kukaa.

Kwa nini reli ilianzia Mombasa

Mombasa ilishinda kwa sababu tatu. Ya kwanza ni Kilindini, mkono wa bahari wenye kina na kinga ya upepo, ambamo meli kubwa inaweza kukaa na kupakua vyuma. Malindi haina kitu hicho: ufuo wake ni wa maji mafupi, na mto Sabaki humwaga matope yake kaskazini tu ya mji. Lamu ina maji mazuri, lakini hadi mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, Witu iliyo nyuma yake ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Sababu ya pili ni kwamba kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Mombasa. Ya tatu ni kwamba upimaji wa njia ulioongozwa na Kapteni Macdonald mwaka 1891 na 1892 ulitoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na ramani ikishachorwa fedha huifuata.

Ujenzi ulianza mwaka 1896. Reli ilifika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901, jumla ya kilomita 930 na kitu, kwa upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Vibarua 31,983 waliletwa kutoka India kwa mikataba. 2,493 kati yao walifia kazini, na elfu sita na mia kadhaa walibaki hapa mikataba ilipokwisha. Simba wa Tsavo waliokuwa wakila vibarua, waliouawa na mhandisi Patterson Desemba 1898, wamebeba sifa yote ya vifo hivyo katika masimulizi, ingawa waliokufa kwa maradhi na ajali ni wengi mno kuliko walioliwa.

Mji wa Malindi haukupoteza kitu siku reli ilipoanza. Ulipoteza polepole. Utajiri wake wa karne ya 19 ulikuwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, na utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1907 hapakuwa na mshahara wa kuwashindania watu na kazi za Mombasa. Lamu nayo ikawa hivyo hivyo. Katika ukanda wetu wa Malindi na Lamu, kwa hiyo, athari ya kwanza ya reli ilikuwa kutovuta watu kuja na kuvuta watu kuondoka, na hilo halionekani katika takwimu yoyote inayoitwa ya reli.

Kilichoifanya treni isimame

Injini ya mvuke hunywa maji kila baada ya kipande kifupi cha njia na hula kuni kwa marundo. Nyika ya Taru, kati ya Pwani na Voi, haina mto wa kudumu, na wakati wa ujenzi maji yalibebwa kwa mabehewa ya matangi kuwafikia vibarua. Penye maji ndipo palipojengwa tangi refu, bomba la kujazia injini, na bohari ya kuni. Hapo tayari pana ajira: wachota maji, wakata kuni, wapakiaji, mafundi wa kuangalia boila.

Sababu ya pili ya kusimama ni kwamba njia ilikuwa moja. Treni mbili zinazokuja kwa kuelekeana haziwezi kupishana ila penye njia ya pembeni, na dereva haruhusiwi kuingia kipande kinachofuata mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kwamba njia ni tupu. Kazi hiyo ilifanywa na watu mchana na usiku. Chukua stesheni ndogo kabisa na upige hesabu: zamu tatu, kila zamu steshenimasta au msaidizi wake na watu wawili wa kugeuza njia, hao ni 9. Ongeza gengi la kukaza misumari na kusawazisha kokoto chini ya mataruma, tuseme watu 12. Wafanyakazi 21, na kila mmoja akiwa na watu wanne nyumbani unapata karibu watu 100 porini pasipokuwa na kitu kingine. Hapo ndipo duka la kwanza hufunguliwa, na mara nyingi wenye maduka hayo walikuwa Wahindi waliofuata reli hatua kwa hatua.

Sababu ya tatu ni tumbo. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Abiria walishuka katika nyumba za wasafiri zilizojengwa kando ya stesheni, Voi ikiwa mojawapo, wakala kwa muda uliopangwa na kurudi ndani.

Kuna jambo moja kuhusu stesheni hizi linaloeleza mengi juu ya idadi ya watu, nalo ni nyumba. Mfanyakazi wa reli alipewa chumba katika landi, safu ndefu ya vyumba vya ukuta mmoja, mlango kwa mlango, jiko nje, choo cha pamoja mwisho wa safu. Chumba hicho kilikuwa cha kazi. Akihamishwa anakiacha, akistaafu anakiacha, akifa mjane wake anapewa muda wa kuondoka. Kwa hiyo stesheni inaweza kuwa na watu 100 kwa miaka 50 bila kuwa na ukoo hata mmoja uliokaa miaka 50. Wazee ni wachache, makaburi ni machache, na wanaume wa umri wa kazi ni wengi. Ukiangalia jumla tu utadhani umeona kijiji, kumbe watu wake wanabadilika chini ya tarakimu isiyobadilika.

Stesheni tatu, hatima tatu

Tsavo iko karibu maili 132 kutoka Mombasa. Ina daraja, ina jina linalojulikana dunia nzima, na ina maji: mto huo hukutana na Athi ukawa Galana, na maji yake ndiyo yanayoingia baharini kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Kwa vigezo vya injini ya mvuke palikuwa mahali pazuri. Hapakuwa mji. Mwaka 1948 ardhi yote inayopazunguka ikawa mbuga ya taifa, na mahali pasipo na ruhusa ya kulima wala kujenga hapawezi kumbakiza mtu ambaye kazi yake imekwisha.

Mackinnon Road, ndani ya Taru, ilipata watu kwa vishindo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 jeshi la Uingereza lilianza kujenga hapo ghala kubwa la zana za vita, likaleta maelfu ya vibarua, kisha likaachana na mradi. Katika miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 pakawa kambi ya kuwazuia watuhumiwa wa Mau Mau, kama Manyani. Sasa ni mji mdogo wa barabarani, unaojulikana zaidi kwa kaburi na msikiti wa Seyyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyefanya kazi ya reli, ambapo madereva wa njia ya Mombasa husimama kuomba dua. Mtu akichukua sensa ya 1948, iliyofanyika wakati ghala linajengwa, akailinganisha na ya 1962, wakati kambi zimeshafungwa, ataona mji uliokufa. Hakukuwa na mji uliokufa. Kulikuwa na kazi mbili za serikali zilizokuja na kuondoka, na kijiji kilichokuwa chini yake muda wote.

Voi ndiyo iliyosimama. Iko karibu kilomita 160 kutoka Mombasa, penye mto na chini ya milima ya Wataita wakulima, kwa hiyo chakula kilikuwa karibu. Lakini hilo peke yake lisingetosha. Wakati wa Vita vya Kwanza, kuanzia 1915, Waingereza walitandika reli kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta ili kupeleka askari dhidi ya Wajerumani, na mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya upande wa Moshi pale Kahe. Njia ya vita ikawa njia ya biashara: kituo cha kupita kikawa njia panda, na njia panda huhitaji kupanga mabehewa upya, kubadilisha injini, kulaza wafanyakazi na kuhamisha mizigo. Shamba la mkonge likaongeza ajira isiyotegemea ratiba ya treni. Mbuga ilipotangazwa 1948, makao ya Tsavo Mashariki yakawa Voi. Bomba la maji ya chemchemi za Mzima linaloenda Mombasa likapita na kuuhudumia mji. Njia panda, mkonge, mbuga, maji: reli ilipodhoofika, mji ulikuwa na miguu mingine ya kusimamia, na hadi leo Voi ndiyo mji mkubwa wa Taita Taveta ingawa makao ya kaunti yako Mwatate.

Voi imelipa gharama yake pia. Reli ilipojengwa, sheria ya kutwaa ardhi ya India ya mwaka 1894 ililetwa kutumika huku, na ukanda wa maili moja kila upande wa njia ukatengwa kwa ajili ya reli. Mji ukakulia katikati ya ardhi ya reli, shamba la mkonge na mpaka wa mbuga. Watu wamekuwa wakiongezeka ndani ya eneo ambalo sehemu kubwa si yao kisheria, na mtu wa kizazi cha tatu anaweza kuambiwa kwamba nyumba yake iko ndani ya hifadhi ya reli. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo ambalo Lamu inapaswa kulisoma kwa makini kuliko yote.

Kilichoondoa watu

Injini za dizeli zilipochukua mahali pa mvuke, kazi iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 1970, matangi ya maji hayakuwa na mteja. Dizeli hupita stesheni kumi bila haja ya kitu. Stesheni zilizokuwa za maji tu zilifungwa au zikabaki na mtu mmoja wa kupokea simu. Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika Mashariki likavunjika pamoja na jumuiya yenyewe, na treni za Voi kwenda Moshi zikapoteza maana yake. Mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi likaanza kufanya kazi. Kuanzia 2006 uendeshaji ukakodishwa kwa kampuni binafsi hadi 2017, na katika miaka hiyo ajira za reli zikapunguzwa zaidi.

Miji iliyookoka iliokolewa na malori. Mtito Andei, Maungu na Mariakani zilijaa vyumba vya kulala, vibanda vya chakula, mafundi wa matairi. Kisha SGR, reli mpya ya njia pana, ikafunguliwa mwishoni mwa Mei 2017, na serikali ilipoelekeza makontena yasafirishwe kwa reli, miji hiyo ya malori ndiyo iliyolia. Reli iliyoizaa ikairudia kuichukulia riziki.

Tazama pia tofauti ya vituo. Kati ya Mombasa na Nairobi, kilomita 472, treni ya abiria ya SGR inayosimama njiani ina vituo saba: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Treni ya haraka hata hiyo saba inaipita. Mackinnon Road haimo. Na vituo vipya vimejengwa nje ya miji ya zamani, kwa sababu njia ya upana wa milimita 1,435 na ya mwendo wa kasi huhitaji kona pana na ardhi tupu. Abiria anashuka, anapanda bodaboda au matatu, anakwenda zake. Mama aliyekuwa akiuza machungwa dirishani mwa behewa hana tena dirisha la kumfikia.

Jinsi ya kusoma hesabu ya watu wa mji kama huu

Hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka 1999 sensa iliipa Voi watu 33,077. Sensa hiyo hiyo iliipa Voi watu 16,863. Tarakimu zote mbili ni sahihi: ya kwanza ni watu wote ndani ya mipaka ya manispaa, pamoja na vijiji na mashamba yaliyomo; ya pili ni wale wanaoishi katika sehemu iliyojengeka kama mji. Mwandishi anayechukua ya pili kwa 1999 na kuilinganisha na watu zaidi ya 45,000 wa 2009 atatangaza kwamba mji umekua karibu mara tatu kwa miaka kumi, na atakuwa amekosea.

Kwetu Malindi kosa hilo huja kwa upande wa pili. Tarakimu inayotajwa sana ya 2009 ni watu zaidi ya 207,000, na ya 2019 ni karibu 120,000. Hakuna vita wala njaa iliyoondoa watu 87,000 Malindi. Ya 2009 ilihesabu manispaa nzima na vijiji vyake. Mabaraza ya manispaa yakavunjwa serikali za kaunti zilipoingia 2013. Na ya 2019 ikahesabu eneo lililo mji. Kabla ya kutumia tarakimu yoyote ya mji, uliza kwanza: mipaka gani?

Swali la pili: mtu alihesabiwa wapi? Sensa ya Kenya humhesabu mtu mahali alipolala usiku uliopangwa, na mwaka 2019 ulikuwa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Dereva aliyelala Mtito Andei ni mkazi wa Mtito Andei kwa usiku huo, na mgeni aliyelala hotelini Malindi ni wa Malindi. Mji unaoishi kwa wapita njia hupata watu wa ziada hivi, na mji wa wavuvi hupoteza waliokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali.

Swali la tatu ni la miaka ya nyuma. Hesabu za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu wasio Waafrika tu. Waafrika walikadiriwa kwa kodi ya nyumba: idadi ya nyumba ikizidishwa na watu waliodhaniwa kukaa katika kila moja. Kibarua aliyekaa landi hakuwa na nyumba ya kodi hapo, hivyo angeweza kuhesabiwa kijijini kwao au asihesabiwe kabisa. Sensa ya kwanza kuhesabu watu wote ni ya 1948, ikafuata ya 1962, kisha 1969 na kila baada ya miaka kumi. Anayetaja idadi kamili ya watu wa stesheni ndogo mwaka 1920 anatoa makadirio, hata kama ameyaandika hadi tarakimu ya mwisho.

Kukokotoa ukuaji si kazi ngumu. Gawanya idadi mpya kwa idadi ya zamani. Kwa miaka kumi, ipandishe jibu hilo kwa kipeo cha 0.1 kwenye kikokotoo cha simu, toa 1, na unapata ukuaji wa mwaka. Kosa la kawaida ni kugawa asilimia ya miaka kumi kwa kumi. Hilo huongeza chumvi, kwa sababu watu waliozaliwa mwaka wa tatu nao huwa wanahesabiwa katika ongezeko la miaka inayofuata. Kisha linganisha na taifa. Kenya ilitoka watu 38,610,097 mwaka 2009 hadi 47,564,296 mwaka 2019, yaani mara 1.23, au asilimia 2.1 kwa mwaka. Mahali palipokua kwa kasi hiyo pamezaa watoto tu. Palipozidi pamepokea wageni, na palipopungua pametoa watu wake, au uzazi wa hapo ni tofauti na wa kwingine.

Jaribu na kaunti. Taita Taveta, yenye reli ya zamani na mpya: 284,657 hadi 340,671, mara 1.20. Imekua chini ya taifa. Kilifi: 1,109,735 hadi 1,453,787, mara 1.31, na reli yake iko Mariakani, mbali na Malindi. Lamu, isiyo na reli: 101,539 hadi 143,920, mara 1.42, yaani asilimia 3.5 kwa mwaka. Kama Lamu ingekua kwa kasi ya taifa ingekuwa na watu 125,087. Waliozidi hapo ni karibu 18,800.

Lamu: watu wamekuja kabla ya reli

Ni rahisi kusema hao 18,800 ni wa bandari. Ngoja kwanza. Kati ya 1999 na 2009, kabla ya mpango kuzinduliwa, Lamu ilitoka 72,686 hadi 101,539, mara 1.40. Na kati ya 1969 na 1979 ilikaribia maradufu, kutoka watu 22,000 na kitu hadi 42,000 na kitu, kwa sababu ya skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni. Ardhi ya kulima ilileta watu wengi zaidi, kwa uwiano, kuliko mradi wowote wa chuma. Lakini katika miaka ya 1999 hadi 2009 taifa lenyewe lilikua mara 1.35, hivyo Lamu ililizidi kidogo tu. Katika miaka kumi iliyofuata pengo likapanuka. Kitu kimeongezeka, na bandari ni sehemu yake.

Chambua zaidi. Lamu Mashariki, yaani Faza, Kiunga na Basuba, ilitoka 18,841 hadi 22,258: mara 1.18, chini ya taifa. Lamu Magharibi, yenye kisiwa cha Amu, Hindi, Mpeketoni na Witu, ilitoka 82,698 hadi 121,662: mara 1.47. Katika watu 42,381 walioongezeka kaunti nzima, 38,964 ni wa Magharibi. Faza na Siyu hazikujaa. Ni Magharibi ndiyo iliyojaa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa jinsia. Mwaka 2019 Lamu ilikuwa na wanaume 76,103 na wanawake 67,813: wanaume 112 kwa kila wanawake 100. Taifa zima lina wanaume 98 kwa wanawake 100. Pengo kama hilo halitokani na uzazi. Linafanana na alama ya kambi: wajenzi wa gati, askari wa operesheni za usalama, vibarua wa barabara, madereva. Ndiyo sura ile ile ya landi za Voi. Watu wa namna hiyo mara nyingi huja bila familia, na mkataba ukiisha wengi huondoka. Atakayepanga shule na visima vya 2030 kwa kurefusha mstari wa 2009 hadi 2019 atajenga madarasa ya watoto ambao hawapo.

Basi ramani ya reli ikiletwa barazani, maswali yenye faida si ya kilomita. Uliza treni itasimama wapi na kwa kazi gani: kituo cha kupishana hakiajiri karibu mtu siku hizi, kwa kuwa ishara zinaongozwa kutoka mbali, karakana na yadi ya makontena huajiri. Uliza kituo cha abiria kitakuwa umbali gani kutoka Hindi au Mokowe, na nani atalipia barabara ya kukifikia. Uliza kambi ya wajenzi itajengwa wapi na majengo yake yatakuwa ya nani baadaye. Uliza upana wa hifadhi ya reli, kwa mita, kila upande, na uutie alama shambani kabla mtu hajajenga.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya 2012 ina hatua zake: Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza katika gazeti rasmi la serikali nia ya kutwaa, siku 30 angalau zikipita hupanga siku ya kusikiliza madai, tangazo la kikao hicho hutolewa si chini ya siku 15 kabla, kisha ndipo fidia huamuliwa. Anayekosa kikao ndiye anayepata tabu, na wanaokosa ni wale ambao jina lao halimo katika karatasi yoyote: shamba la babu lisilogawanywa, kiwanja kilichonunuliwa kwa maandishi ya mkono, barua ya ugawaji isiyofuatwa na hati. Mirathi igawanywe na majina yaandikwe kabla ya tangazo. Miti ipigwe picha na kuhesabiwa, minazi kwa miembe kwa mikorosho, kwa sababu mti usiohesabiwa siku ya ukaguzi haulipwi.

Na anayetaka kufuatilia mji wake mwenyewe asisubiri tarakimu ya mji. Juzuu ya pili ya ripoti ya sensa ya 2019 inatoa idadi ya watu, eneo na msongamano hadi ngazi ya kata ndogo. Andika kata ndogo zinazofanya Hindi au Mokowe ya leo, pamoja na eneo la kila moja kwa kilomita za mraba. Sensa ijayo ikitoka, linganisha maeneo kwanza. Yakiwa yamebadilika, mipaka imechezewa, na hapo unganisha kata ndogo jirani mpaka jumla ya eneo ilingane na ya 2019, kisha ndipo ulinganishe watu.